Ulijuaje jino lako linahitaji kuzibwa? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za leo. Naomba tukusanye hapa dalili zilizokushtua ukawahi kuziba jino kabla halijafika pa kung'olewa. Kwa familia nyingi jino halina habari mpaka liume usiku, na likishauma usiku mara nyingi muda wa kuziba kwa kawaida umeshapita. Hilo linaniuma sana.

Naanza. Langu lilikuwa gego la chini. Maji ya friji yakipita pale nashtuka, nikimeza imekwisha. Baadaye nyuzi za nyama zikawa zinanasa palepale kila nikila, na ulimi ukipapasa unakuta ukingo mkali. Kwenye kioo sikuona kitu. Eksirei ndiyo iliyoonyesha kivuli kati ya magego mawili. Daktari akanieleza hivi: mshtuko wa baridi au wa vitu vitamu ukikata ndani ya sekunde chache, mara nyingi kiini cha jino, yaani sehemu hai ya ndani, bado kinaweza kuokolewa kwa kuziba. Mshtuko ukikaa muda mrefu, au jino likianza kuuma lenyewe bila kuguswa, au likawa linapwita ukilala, basi uozo huenda umefika ndani na kuziba peke yake hakutoshi. Nani anafuata?

Mama Wawili, Mbeya
Mimi ni la mwanangu wa darasa la kwanza. Wazazi wenzangu, sikilizeni hili: kwenye miaka 6 hivi gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa ya yale ya utotoni. Halisukumi jino lolote kutoka, kwa hiyo wengi hudhani nalo ni la utotoni, litadondoka tu. Halidondoki! Nilimpigia tochi, nikaona moja lina doa jeupe kama chaki na lingine lina kitobo cheusi. Lenye kitobo lilizibwa. Lenye doa daktari hakuligusa na mashine, alilipaka dawa ya floraidi, akasema hapo jino bado linaweza kujirudi kama tutapiga mswaki asubuhi na usiku na kupunguza juisi na biskuti za kila saa.

Mzee wa Usa River
Vijana, si kila jino lenye rangi limeoza. Huku Arumeru wengi tuna meno ya kahawia kwa sababu ya maji yenye floraidi nyingi tuliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya taya. Mjukuu wangu alifika mjini akaambiwa na wenzake meno yote yameoza, akaacha kucheka mbele za watu. Daktari alimkagua: madoa yamelingana kulia na kushoto, jino ni gumu. Moja tu ndilo lililokuwa na shimo, chakula kinaganda humo. Hilo moja likazibwa. Msikubali kung'olewa meno kwa sababu ya rangi.

Karafuu, Pemba
Shikamoo mzee. Mimi nataka kusema juu ya maumivu yanayokwisha yenyewe, maana yanadanganya. Kaka yangu alikuwa akiweka karafuu kwenye jino, na kweli inatuliza. Siku moja maumivu yakakata kabisa, sote tukashukuru. Kumbe kiini kilikuwa kimekufa. Baadaye fizi ikatoa kijipu, kinapasuka na kujaa tena. Akahitaji kusafishwa mzizi, kazi ndefu na ghali kuliko kuziba. Jino lililokuwa linauma likinyamaza ghafla bila tiba, nenda.

Mstaafu wa Afya
Karafuu umesema kweli tupu. Niongeze kwa wanaoogopa mashine. Kwa mashimo mengi madogo ipo njia ya kuchokoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha kujaza kwa saruji maalumu inayoshika kwenye jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Haihitaji umeme, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hii ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza mwaka 1994. Ukifika kituoni ukaambiwa "hapa tunang'oa tu", uliza kwanza wapi wanaziba, kisha ndipo uamue.

Bint Tanga
Mimi nilizibwa zamani. Siku hizi nikitafuna upande huo kuna mchomo wa ghafla nikiachia meno, na uzi wa kusafishia ukipita unachanika. Pia ni mjamzito, naogopa kwenda.

Mstaafu wa Afya
Binti yangu, uzi kuchanika mara nyingi ni dalili kwamba ukingo wa kile walichozibia umemeguka au uozo umerudi chini yake. Mchomo wa kuachia meno unaweza kuwa ufa, usitafunie upande huo. Ujauzito haukuzuii kuziba, miezi ya kati ndiyo yenye nafuu zaidi ya kukaa kwenye kiti. Mwambie daktari una miezi mingapi kabla hajaanza. Ukivimba shavu au ukipata homa usisubiri miezi yoyote, nenda siku hiyohiyo.

Bint Tanga
Ahsante baba. Nina miezi minne na nusu, naenda Jumatatu.