Kemo nilimaliza mwaka jana, nyayo bado zinawaka moto usiku. Mnaishije na hali hii?

FundiNkuhungu:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za usiku. Ni kweli usiku, saa nane hii sijalala.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma. Nilipata saratani ya titi, nikafanyiwa upasuaji, nikawekewa dripu za kemo (za mwisho zilikuwa paklitakseli), kisha mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Nina miezi 11 tangu nimalize, na vipimo ni safi.

Shida ni miguu na vidole. Ilianza dripu ya tatu ya hiyo paklitakseli: ganzi kwenye ncha za vidole, kama nimevaa soksi zisizovulika. Sasa usiku nyayo zinawaka utadhani nimekanyaga majivu ya moto, shuka likigusa kidole gumba naruka. Mchana nikikanyaga cherehani siuhisi mguu, nasikia tu mashine inakimbia. Wiki iliyopita sindano ilinipita kwenye kidole, nikajua baada ya kuona damu kwenye kitenge cha mteja.

Nyumbani wanasema umepona, mshukuru Mungu. Basi hata kliniki nikiulizwa naendeleaje, najibu salama. Duka la dawa wananiuzia vidonge vya vitamini B, hii ni paketi ya sita. Shemeji ananiambia nichovye miguu kwenye maji ya moto na chumvi. Nifanyeje?

MzeeWaHombolo:
Mbukwa binti yangu, pole sana. Maji ya moto ACHA. Mimi nilichovya, nikaona raha, asubuhi nyayo zina malengelenge. Mguu wenye ganzi hauna wa kukwambia maji yamezidi. Siku hizi napima kwa kiwiko kama mama anayemwogesha mtoto, na kabla ya kuvaa kiatu nakikung'uta kwanza. Niliwahi kutembea na kokoto hadi shambani bila kujua.

Yangu ilikuwa utumbo mpana, dawa oksaliplatini. Hiyo adui yake baridi, kushika soda ya friji ni kama umeshika umeme. Na Juni ya kwetu na upepo wake unaijua. Nilipomaliza dripu nikatarajia nafuu, kumbe hali ikazidi kwa miezi mitatu ndipo ikaanza kushuka. Daktari akaniambia dawa za jamii ile ndivyo zilivyo. Leo mwaka wa pili: vidole vya mikono vimerudi, nyayo nusu nusu.

MizizyaTiba:
Dada njoo inbox, nina unga unasafisha sumu zote za kemo ndani ya siku 7.

Nesi_Kizota:
@MizizyaTiba wewe tena! Dada usiende huko.

Unachoeleza kinajulikana vizuri hospitali. Paklitakseli huumiza mishipa ya fahamu, na inayoumia kwanza ni ile mirefu kuliko yote, inayofika vidoleni. Ndiyo maana inakaa kama soksi na glavu. Panadol na diklofenaki kwa maumivu haya mara nyingi hazifui dafu. Dawa yenye ushahidi mzuri zaidi ni duloksetini, ila kama unameza tamoksifeni (kile kidonge cha kuzuia saratani ya titi isirudi) mwambie daktari, maana duloksetini inaweza kuipunguzia tamoksifeni nguvu. Wengine huanzishiwa amitriptilini kidogo usiku. Bei yake ni nafuu, inaleta usingizi na kukausha mdomo, na mwenye shida ya moyo aseme mapema. Ipo pia gabapentini. Hizi hupunguza moto. Ganzi yenyewe hazina uwezo nayo sana, nisikudanganye. Na usijinunulie.

Hiyo paketi ya sita imenishtua. Soma ina miligramu ngapi za B6. Ikizidi na ukaimeza muda mrefu, yenyewe huumiza mishipa hiyo hiyo. Omba upimwe sukari na B12 pia, isije ikawa kuna jambo jingine limejificha.

Mama_Sare:
Fundi mwenzangu, vaa subana kwenye kushona mkono. Kwenye mashine kuna kichuma cha kuzuia vidole kinafungwa mbele ya sindano, ulizia kwa mafundi wa vyerehani. Wewe kata, binti wa kujifunza ashone. Mota usifunge kwa sasa, mguu usiohisi na mota ni balaa.

FundiNkuhungu:
Shikamoo mzee, asanteni wote. Tamoksifeni nameza kweli. Sasa daktari nitamwanzaje? Foleni ndefu, ukiingia ni dakika tano, na wenzangu pale nje wana hali mbaya kuliko mimi.

Nesi_Kizota:
Usimwambie "naumwa miguu". Mwambie maumivu ni ngapi kwa kumi, usiku unaamka mara ngapi, na ile ya sindano uianze kabla hujakaa vizuri.

FundiNkuhungu:
Kitenge nilikilipa mwenyewe, bado ninacho na doa lake. Kliniki ni Alhamisi, nakibeba.