Kompyuta za ofisini zinaonyesha zimeunganishwa, lakini kila asubuhi baadhi hazipati intaneti

Mtunza Daftari

Habari zenu, wakuu. Ninafanya kazi katika ofisi ndogo ya uhasibu hapa Iringa. Sikusomea mambo ya mitandao, ila ofisini hakuna mwingine wa kuyashughulikia, hivyo naomba mnielekeze taratibu.

Tuna kompyuta tisa, sita za mezani na tatu za mpakato, printa moja inayotumiwa na wote, swichi ya matundu 16 inayoviunganisha vifaa vyote kwa waya, na ruta tuliyofungiwa na mtoa huduma wa faiba. Kwa miaka miwili tulifanya kazi bila usumbufu wowote. Yapata wiki tatu zilizopita hali ilibadilika: asubuhi tukiwasha vifaa, baadhi ya kompyuta zinapata intaneti na nyingine hazipati, ingawa alama ya mtandao inaonyesha kwamba zimeunganishwa. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba si zilezile kila siku. Jana ilikuwa kompyuta ya keshia na ya mkurugenzi. Leo hizo ni nzima, na zilizokwama ni mbili za chumba cha nyuma. Nikiizima na kuiwasha iliyokwama mara mbili au tatu, wakati mwingine inakubali. Kompyuta iliyokosa intaneti haiioni hata printa, ambayo iko hatua tano tu kutoka mezani. Umeme ukikatika mchana na kurudi, tunaanza upya kama asubuhi.

Fundi wa mtoa huduma alikuja, akapima laini yake, akasema ni nzima. Mkurugenzi alipandisha kifurushi cha kasi, haikusaidia, na sasa anataka tununue ruta mpya. Ritani za VAT za wateja wetu zinatakiwa kuwasilishwa ifikapo tarehe 20 ya kila mwezi, na mwezi uliopita nililazimika kumalizia za wateja wanne kwa bando la simu yangu, saa nne usiku. Naomba msaada kabla ofisi haijatoa fedha nyingine.

Fundi wa Swichi

Pole sana, ndugu. Tafadhali mwombe mkurugenzi asubiri kwanza, kwa sababu maelezo yako yana dalili mbili zenye thamani kubwa. Ya kwanza ni kwamba tatizo linahama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, na waya mbovu hauhami. Ya pili ni kwamba linajirudia kila vifaa vinapowashwa kwa pamoja, yaani asubuhi na baada ya umeme kurudi. Mimi ningeanza kwa kuangalia anwani ambazo kompyuta zinapewa.

Kompyuta ikiwashwa haina anwani mpya mfukoni. Hupaza sauti kwenye mtandao mzima ikiuliza nani anaweza kuipatia. Kazi ya kugawa anwani huitwa DHCP, na katika ofisi kama yenu hufanywa na ruta. Pamoja na anwani, ruta huiambia kompyuta mlango wa kutokea kwenda nje ni upi. Kompyuta haina njia ya kujua kama aliyejibu ni ruta halali ya ofisi au ni kifaa kingine, humpokea anayewahi.

Kesho asubuhi chagua kompyuta moja inayofanya kazi na moja iliyokwama, uzikague kwa wakati mmoja. Fungua kidirisha cha amri, andika `ipconfig /all`, kisha unakili mistari mitatu kutoka kila moja: "IPv4 Address" (anwani ya kompyuta), "Default Gateway" (ule mlango wa kutokea) na "DHCP Server" (aliyeipa anwani). Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliuliza, haikujibiwa na mtu, ikajipa anwani yenyewe; hapo tutachunguza waya, swichi au ruta iliyolala. Ukikuta anwani ya kawaida, tutazame ni nani aliyeitoa. Usizime wala kuwasha chochote kabla ya kunakili, maana ukiwasha upya unafuta ushahidi.

Mwalimu wa Maabara

Naunga mkono, na ninaongeza kipimo ambacho huwafundisha wanafunzi wangu kabla hawajagusa waya wowote. Kwenye kompyuta iliyokwama, andika `ping`, amri inayoita anwani fulani na kusubiri jibu, ikifuatiwa na anwani ya ruta ya ofisi. Ikijibu, jaribu `ping 8.8.8.8`, ambayo ni anwani ya nje. Ikijibu hiyo pia, jaribu jina la tovuti yoyote. Ukishindwa hatua ya kwanza, tatizo liko ndani ya ofisi. Ukishindwa ya pili peke yake, tazama laini ya mtoa huduma. Ukishindwa ya tatu tu, huduma ya kutafsiri majina kuwa anwani ndiyo yenye hitilafu.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya niliyoyaona Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kwa pamoja tarehe 12 na huduma ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Watu wengi walifungua ruta zao siku ile wakabadilisha mipangilio iliyokuwa sahihi, na nyaya zilipotengenezwa ofisi zao zikabaki bila mtandao. Dakika mbili za kipimo hiki zingewaonyesha kwamba ndani hapakuwa na kasoro.

Kuhusu dawa, kama muda unakubana unaweza kuipa kila kompyuta anwani ya kudumu kwa mkono, ili isimtegemee mgawaji yeyote.

Fundi wa Swichi

Mwalimu, kwa heshima, kwenye hilo la mwisho nina maoni tofauti. Anwani za mkono zitatuliza dalili, lakini kama kuna kifaa kigeni kinachogawa anwani, kitabaki pale pale kikimsubiri mgeni wa kwanza atakayekuja na kompyuta yake. Isitoshe, zile mpakato tatu zikipelekwa nyumbani au kwa mteja zitagoma, na mwenzetu atapigiwa simu kila jioni. Tumtafute kwanza anayezigawa.

Mtunza Daftari

Asanteni sana, walimu wangu. Leo nimefika saa moja na nusu kabla ya wenzangu, nikafanya kama mlivyoelekeza.

Kompyuta ya keshia, ambayo ni nzima, ina 192.168.1.104, mlango wake ni 192.168.1.1 na aliyeipa anwani ni huyohuyo 192.168.1.1. Kompyuta ya chumba cha nyuma iliyokwama ina 192.168.0.103; mlango wake ni 192.168.0.1 na aliyeipa anwani ni 192.168.0.1. Nilipoipigia `ping` 192.168.1.1 haikujibiwa, lakini 192.168.0.1 inajibu mara moja. Kibandiko cha chini ya ruta yetu kinasema 192.168.1.1. Huyo mwingine simjui, na hakuna mtu ofisini anayemjua.

Fundi wa Swichi

Basi tumempata bila kumwona. Tazama namba ya tatu katika anwani hizo: upande mmoja ni 1, upande mwingine ni 0. Hiyo ni mitandao miwili tofauti juu ya swichi moja. Kompyuta zilizopokewa na mgeni zinaelekezwa zitokee kwake, naye hana njia ya kwenda nje. Printa yenu bila shaka ina anwani ya upande wa 1, ndiyo maana haionekani na kompyuta za upande wa 0 hata kama waya zao zinaingia kwenye swichi ileile.

Hali hujirudia umeme ukirudi kwa sababu ruta ndogo za bei nafuu aghalabu huamka mapema kuliko ruta ya faiba, ambayo ina mengi ya kukamilisha kabla ya kuanza kuhudumia. Katika sekunde hizo mgeni yuko peke yake. Halafu kuna jambo jingine: kompyuta inayokumbuka anwani yake ya jana huomba irudishiwe ileile, na mgeni akiisikia anaweza kuikatalia kwa kuwa si ya mtandao wake, hapo kompyuta inaiacha anwani yake njema na kuanza kuomba upya. Hivyo ndivyo kompyuta iliyokuwa nzima jana inavyokwama leo.

Kumsaka ni rahisi. Kaa na mpakato uliokwama karibu na swichi, andika `ping -t 192.168.0.1`, na majibu yataendelea kushuka kwenye skrini bila kukoma. Sasa chomoa waya mmoja wa swichi, hesabu hadi tano, uurudishe, uende kwenye unaofuata. Usiuguse tu ule wa mpakato wenyewe. Waya utakaoyanyamazisha majibu ndio unaokwenda kwa mgeni. Fanya hivyo wenzako wakiwa wamehifadhi kazi zao.

Mtunza Daftari

Nimempata! Tundu la 11. Nilipochomoa waya huo majibu yalikatika papo hapo, nilipourudisha yakaanza tena. Niliufuata kwa mkono juu ya dari hadi chumba cha mikutano, na nyuma ya kabati la mafaili nikakuta ruta ndogo nyeupe yenye antena mbili, taa zake zinawaka. Mwenzetu mmoja aliileta kutoka nyumbani wiki tatu zilizopita ili wateja wanaosubiri wapate waifai, kwa sababu ile ya ofisi haifiki kule. Alichomeka waya kwenye moja ya matundu manne ya njano, waifai ya ruta hiyo ikaonekana kwenye simu, akadhani amemaliza. Alikuwa na nia njema, na amesikitika sana alipojua.

Tangu saa tatu tumeiondoa. Kompyuta zilizokwama nimeziandikia `ipconfig /release` ziache anwani ya zamani, kisha `ipconfig /renew` ziombe mpya, na zote zimerudi upande wa 1 pamoja na printa. Nina maswali mawili. Chumba cha mikutano kwa kweli kinahitaji waifai. Je, ruta hiyo inaweza kutumika bila madhara? Na kompyuta moja ya stoo, ingawa sasa ina anwani sahihi, bado inachukua muda mrefu mno kufungua faili kutoka kompyuta ya keshia. Ilikuwa hivyo hata zamani, tukaizoea.

Fundi wa Swichi

Hongera kwa uvumilivu. Ruta ile inafaa kabisa, ila isigawe anwani. Iunganishe na mpakato mmoja tu, mbali na swichi, na mpakato huo uupe kwa mkono anwani 192.168.0.10 ili usipotee katikati ya kazi. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, zima DHCP, kisha badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2. Ukiihifadhi mawasiliano yatakatika. Usishtuke, kwa kuwa imehamia upande mwingine. Rudishia mpakato upokee anwani wenyewe, kisha chomeka waya wa swichi kwenye tundu lilelile la njano. Kabla ya hapo hakikisha 192.168.1.2 haimo katika zile zinazogawiwa na ruta kubwa. Kama ruta yenu inagawa kuanzia 100 na kuendelea, uko salama. Fanya ukaguzi huohuo kwa printa.

Kwa waifai ya masafa ya GHz 2.4, iweke ruta moja kwenye chaneli ya 1 na nyingine kwenye ya 11, zisije zikasumbuana. Nenosiri la kuingilia mipangilio ulibadilishe pia. Lile la kiwandani mteja yeyote anaweza kulikisia.

Kebo na Koleo

Nimefuatilia tangu mwanzo, na kompyuta ya stoo naihisi ni habari ya waya. Chukua plagi ya upande wa kompyuta, kiklipu kikiwa chini na ncha za shaba zikikutazama juu, usome rangi kutoka kushoto kupitia plastiki. Unatakiwa kuona: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia kwamba jozi ya kijani imetenganishwa, mmoja nafasi ya 3 na mwingine nafasi ya 6, huku buluu ikikaa katikati yao.

Mafundi wengi hupanga jozi moja moja kwa kufuatana kwa sababu inapendeza machoni. Kipima waya cha bei ndogo huwasha taa zote nane na kusema waya ni mzima, kwa kuwa kila ncha imefika inakotakiwa. Lakini nafasi ya 3 na ya 6 hubeba mawimbi ya jozi moja, na zikiwa kwenye jozi mbili tofauti hupoteza ule msokoto unaozikinga, mawimbi yakaingiliana. Kwenye waya wa mita mbili huenda usilione tatizo. Kwenye waya mrefu wa kwenda stoo kompyuta hurudia kutuma kilekile mara kwa mara.

Mtunza Daftari

Ndugu yangu, nimesoma rangi kwa tochi ya simu: chungwa mbili, kijani mbili, buluu mbili, kahawia mbili, zimefuatana kama ulivyosema, na upande wa swichi ni hivyohivyo. Nimeazima koleo duka la jirani, nikakata plagi zote mbili na kufunga mpya kwa mpangilio wako. Ya kwanza niliiharibu, ya pili imekaa. Daftari la hesabu ambalo dada wa stoo alikuwa akilisubiri huku akienda kuchemsha chai, sasa limefunguka kabla hajainuka kwenye kiti.

Ruta ya chumba cha mikutano nayo imeshawekwa kwenye 192.168.1.2 na nimeibandikia karatasi yenye anwani hiyo. Jioni nilizima swichi kuu ya umeme kwa makusudi, nikangoja dakika mbili, nikawasha. Kompyuta zote tisa zimepata anwani za upande wa 1.