Mkrismasi, jakaranda au kibobakasi: upi unahimili baridi ya Njombe?

Mtanga_nyanda_za_juu
Wakuu habari za humu. Mie kwetu Tanga ila kazi imenileta Njombe na nimeshajenga huku huku, sasa uwanja wa mbele uko wazi nataka mti wa maua wa kueleweka, sio ua la kwenye kopo, mti kabisa mtu unaweka kiti chini yake. Roho yangu iko kwa mkrismasi, ule wa maua mekundu (flamboyant), ila kila nikizunguka huku siuoni, naona mipaini, mikaratusi na maparachichi tu. Wengine wananiambia jakaranda, kuna jamaa kanitajia kibobakasi. Kiwanja changu kinashuka kuelekea mtoni, mwezi wa sita na wa saba asubuhi nyasi za kule chini zinakuwa nyeupe kabisa. Mnanishauri nini?

fundi_kitalu
Mkuu mkrismasi sahau. Kwao Madagaska, mti wa joto ule. Sio kwamba hauoti, mbegu ukiikwaruza kidogo lile ganda ukailoweka inaota fresh tu, mvua nzima utaufurahia unarefuka, ikifika mwezi wa sita barafu ikilala juu yake ncha zote zinakuwa nyeusi kama zimemwagiwa maji ya moto. Mvua ikirudi unachipua kutokea chini, baridi ikirudi unaungua tena, utabaki na kichaka. Na hata ukiuficha barafu, joto la kuufanya uchanue hutalipata huko.

Jakaranda ndio jibu, tena wala usiumize kichwa. Ukiwa mche mdogo nao unaungua, hilo tusidanganyane, ila shina likishakuwa gumu linavumilia hata digrii mbili tatu chini ya sifuri. Angalia Pretoria, baridi yao ya mwezi wa sita na wa saba inaleta barafu na bado ndio mji unaojulikana dunia nzima kwa jakaranda. Kazi yako ni kuuvusha baridi za mwanzo tu.

wa_Limuru
Hapa kwetu Limuru, Kenya, tuko juu ya mita 2,000 pia na nakubaliana na fundi, ila kuna kitu watu huchanganya. Baridi na barafu si kitu kimoja. Sisi Julai ni ukungu na manyunyu wiki nzima, unavaa jaketi mbili, lakini majani chai hayaungui. Frosti yetu huja Januari na Februari wakati mchana ni jua kali na usiku anga iko wazi bila wingu hata moja, joto lote la ardhi linapaa juu, asubuhi unapata chai imekuwa brown. Nyinyi huko Njombe kiangazi chenu kimeangukia Juni mpaka Agosti ndio maana mnapata vyote viwili pamoja, baridi na anga wazi. Kwa hivyo boss usiulize tu mti gani, uliza unaupanda pembe gani ya hio ploti.

Kibobakasi sisi tunaita Nandi flame, ni mti wa hapa hapa Afrika na ni mrembo sana, maua machungwa makubwa mpaka unayaona ukiwa mbali barabarani. Lakini matawi yake ni mepesi kuvunjika, upepo ukija tawi linakuangukia kwa mabati. Karibu na nyumba hapana.

Bi_Asumini
Nyie mnalia na Njombe, mie niko Uingereza 😂 Huku mti wa kwetu nje ardhini ndoto, ni kwenye chungu tu. Mie nna franjipani sebuleni, mti wa maua ya kunukia, naupenda kwa sababu wenyewe una adabu, baridi ikianza unapukutisha majani yote unalala. Ikianza kukaribia digrii 10 nauingiza ndani na maji nakata kabisa mpaka uanze kuchipua, watu wengi wanauua hapo, wanaona kijiti kikavu wanakionea huruma wanamwagilia, shina linaoza kwa ndani unalibonyeza linabonyea. Ukipata kijiti cha tawi cha kupanda usikichomeke siku hiyohiyo, kiache kivulini mpaka pale kilipokatwa pakauke, na ule utomvu mweupe usikuguse machoni.

mzee_wa_mwembe
Bi Asumini na mlangilangi je? Mke wangu ananisumbua na mti huo wa maua ya kunukia hapa Arusha.

Bi_Asumini
Mlangilangi una deko kaka yangu. Unataka joto usiku na mchana na hewa yenye unyevunyevu, kama Unguja na Ngazija. Huku bila banda la vioo lenye hita usijisumbue. Arusha labda wa kwenye pipa ukutani panapopata jua, ila usimuahidi mkeo maua. Mpandie asumini, inavumilia zaidi na kikuba chake, kile kishada cha maua, kitanukia vilevile.

mzee_wa_mwembe
Nitamwambia imetoka kwako 😅. Mtoa mada, mbona hakuna aliyekutajia mwamba ngoma? Ule wa maua mekundu yanayotoka mti ukiwa hauna jani hata moja, gome lake nene limepasukapasuka, umezoea moto na baridi za nyanda za juu tangu zamani. Unakata gogo unachimbia linaota. Tahadhari moja, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ni sumu na watoto wanazipenda.

fundi_kitalu
Mzee ule una miiba, na mteja wangu nikimpelekea ananiambia umenichimbia mti wa porini 😂 Kwa fensi sawa. Kwa kukalia kivulini jakaranda haina mpinzani.

wa_Limuru
Mteja wako hajui kitu. Mwamba ngoma ikichanua ndege wanajaa hapo siku nzima. Na kuna muraracii pia, maua ya pinki, mti wa asili wa milima yetu, polepole lakini unakuwa mti wa maana. KEFRI, taasisi yetu ya utafiti wa misitu, pale Muguga huuza mbegu za miti ya kienyeji, huko TZ sijui mnanunua wapi.

Mtanga_nyanda_za_juu
Aisee nimewasoma wote. Mkrismasi nauacha kwa shingo upande. Sasa hio jakaranda naipanda wapi? Nyumba iko juu, karo la maji machafu liko kulia.

fundi_kitalu
Kule mtoni usipeleke mche, hewa ya baridi ni nzito inateremka inatulia bondeni, ndio maana nyasi zinaanza kuwa nyeupe kule. Panda juu kwenye mteremko, sio nyuma ya ukuta unaoziba hewa isiteremke. Kaa mbali na karo na msingi, hatua kumi hivi, na usiiweke karibu na sehemu uliyomwaga zege maana maua yakidondoka yanateleza na yanaziba mifereji ya bati.

Usipande sasaivi. Subiri mvua za mwezi wa kumi na moja ili mche upate miezi mingi ya kukomaa kabla baridi haijafika. Usiku wa barafu chomeka vijiti vinne uvishe kiroba jioni, kisigusane na majani, asubuhi jua likishatoka toa. Nailoni usitumie, jani likigusana nayo linaungua vilevile. Na mbolea acha kuanzia mwezi wa tatu, vichipukizi laini ndio vinakufa kwanza.

Mtanga_nyanda_za_juu
Na maua nitayaona lini?

fundi_kitalu
Wa mbegu hesabu miaka saba na kuendelea, huko kwenye baridi usishangae ikizidi. Ukiona ni mingi chimbia na gogo la mwamba ngoma kwenye fensi, mzee atafurahi.