Gari inamisi ikipanda mlima na plagi ni mpya, ninunue koili zote nne?

mleta uzi:
Wakuu habari, naombeni msaada maana hii gari inaninyima usingizi. Injini ya petroli lita 1.5, silinda 4, kila silinda na koili yake ya kupeleka umeme mkali kwenye plagi. Ikiwa imesimama inaunguruma vizuri tu, ila nikikanyaga mafuta mlimani inaanza kukohoa kama kuna mtu anaivuta nyuma, nikiachia kidogo inatulia. Shida imeanza baada ya kubadilisha plagi. Fundi alizitanua mdomo kwa bisibisi, kwa macho tu, akasema gepu likiwa kubwa moto unakuwa mkali. Sasa anasema koili zote zimekufa ninunue. Mashine ya kupima imetoa kodi (namba ya kosa) P0303. Nifanyeje?

spana_14:
Usinunue kitu kwanza mkuu. P0303 maana yake silinda namba 3 ndo inamisi, yaani kuna wakati haiwaki, ingekuwa inarukaruka huku na huku ungepata P0300. Hamisha koili ya 3 uipeleke 1, ya 1 uilete 3, futa kodi, endesha kwenye mlima uleule. Ikigeuka P0301 basi koili ndo mbovu na utanunua MOJA. Ikibaki P0303 koili haina kosa, fungua plagi. Na taa ya cheki injini ikianza kuwaka na kuzima usilazimishe safari, petroli ambayo haijaungua inaenda kuunguza katalitiki, kile kisafisha moshi kwenye egzosti.

moto_wa_bluu:
Mimi nina wasiwasi na hilo gepu kuliko koili. Ukikanyaga mafuta mgandamizo ndani ya silinda unapanda, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka, sasa kama mdomo umetanuliwa koili inashindwa, na umeme ukishindwa kuruka mdomoni unatafuta njia nyingine ya pembeni. Ndo maana ikisimama iko sawa, mlimani inakata. Angalia namba kwenye plagi, NGK au Denso zikiishia na 11 maana yake zimetoka kiwandani na milimita 1.1. Ila kitabu cha gari ndo kinaamua, usichukue namba ya gari la jirani.

dereva_mzoefu:
Rudisha zote 0.7 mkuu utasahau hiyo shida, mimi yangu niliweka hivyo inaruka kama swala.

moto_wa_bluu:
@dereva_mzoefu yako ina tabo (ile pampu ya kusukumia injini hewa zaidi)? Kwenye tabo wengi wanabana gepu kwa sababu ya mgandamizo mkubwa. Kwa injini ya kawaida iliyopangiwa 1.1 ukibana sana cheche inakuwa fupi, mchanganyiko mwepesi (hewa nyingi, petroli kidogo) haushiki vizuri, utahamisha shida kutoka mlimani kuipeleka kwenye foleni.

mleta uzi:
Wakuu nimerudi. Nimebadilishana koili, kodi imebaki P0303. Nimefungua plagi injini ikiwa imepoa, nikapima gepu kwa fila (vile vibamba vyembamba vya kupimia): ya 1 ni 1.1, ya 2 ni 1.2, ya 4 ni 1.1, ya 3 ni 1.4!! Halafu kwenye kaure nyeupe ya hiyo ya 3 kuna mstari mweusi mwembamba kama umechorwa kwa penseli, unashuka mpaka kwenye chuma. Shimo lake kavu, hakuna oili. Kitabu kinasema 1.0 hadi 1.1.

spana_14:
Huo mstari ndo njia umeme uliyokuwa unapitia. Hiyo plagi hata ukirekebisha gepu usiirudishe, kaure ikishapata njia umeme utaendelea kupita hapohapo. Chungulia na ndani ya mpira wa koili ya 3, ule unaovaa juu ya plagi, ukiwa na alama kama hiyo badilisha mpira, mara nyingi unauzwa peke yake. Shimo kuwa kavu ni bahati, lingekuwa na oili ungeanza na sili za tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini.

moto_wa_bluu:
Na kama plagi mpya ni za iridiamu (ncha ya madini magumu) usiingize bisibisi kwenye ile ncha ya katikati, ni nyembamba na inavunjika. Kama lazima urekebishe pinda mguu wa nje tu. Anza kukaza kwa mkono, maana hedi ya aluminiamu ikila nyuzi ni kazi nyingine kabisa.

mleta uzi:
Mpira wa koili kweli ulikuwa na alama. Nimebadilisha huo mpira na plagi zote nne, nimepima moja moja kabla ya kufunga, zote 1.1. Nimepanda mlima uleule mara tatu na mzigo, haijakohoa hata mara moja, kodi haijarudi. Koili nne ni zilezile. Asanteni sana wakuu.

dereva_mzoefu:
Safi mkuu. Na mimi nimecheki kitabu changu, kimeandika 1.0, kesho asubuhi nafungua zangu.