Wauza magodoro mtandaoni, sifa tumeshiba: tupeni kilo

Wakuu, uzi huu nauandika nimesimama. Kukaa ni shughuli, kulala ndiyo usiseme. Leo ni wiki ya saba naamka kiuno kimekaza kama mtu aliyeshinda usiku kucha akipakua magunia, na aliyenitia kwenye kibarua hicho ni godoro jipya kabisa, hata harufu ya kiwandani haijaisha vizuri.

Najua kuna watakaokuja mbio na "ungeenda dukani ukalilalia kwanza". Tulieni, hilo nitalifikia.

Niliagiza mtandaoni kwa sababu sikuwa na njia nyingine, na wala sikukurupuka. Nilisoma kurasa za magodoro kama mtu anayejiandaa na mtihani. Hili nililoangukia liliandikwa hivi: la othopediki (yaani la kutunza mifupa na mgongo), densiti ya juu, ugumu wa wastani, linafaa kwa kila mlalo. Kwenye picha kuna mwanamke amelala chali, mikono ameitandaza, anatabasamu. Nani hulala anatabasamu? Pembeni kuna mchoro wa godoro lililokatwa kuonyesha tabaka zake, moja bluu, moja ya kijani, moja ya waridi. Mimi nikaona utaalamu. Kumbe rangi ya sponji ni rangi tu, inatiwa wakati wa kutengeneza, haikuambii lolote kuhusu ubora. Chini yake nyota tano, nyota tano, nyota tano. Laiti ningetazama tarehe! Wengi walioandika walikuwa wamelilalia siku tatu, nne. Siku ya tatu hata sponji mbovu kuliko zote ni tamu.

Likaja limeviringishwa, limefyonzwa hewa, sanduku unalikumbatia mwenyewe ukapanda nalo ngazi. Nikakata nailoni, likaumuka. Maelekezo yalisema lisubiri kati ya saa 24 na 72, mimi nikaliachia zote 72. Wiki mbili za mwanzo sikuwa na neno. Ya tatu nikaanza kuhisi nyonga inatangulia chini kuliko mwili mwingine. Ya nne nikapitisha ubao mnyoofu juu ya godoro, upana kwa upana, na chini ya ubao, upande wangu, kukawa na uwazi wa vidole viwili. Upande wa mke wangu hakuna kitu. Yeye ana kilo 55, mimi 78, na hadi leo anasema godoro liko sawa tu, tatizo ni mimi. Ndoa zitavunjika kwa sababu ya sponji.

Na hapo ndipo uongo wa "wastani" unapoonekana. Wastani kwa nani? Godoro lile lile linalombeba mtu wa kilo 55 bila kutikisika linammeza wa kilo 90. Halafu "kila mlalo"! Anayelala ubavu anataka bega na nyonga zizame kidogo ili uti wa mgongo unyooke. Anayelala kifudifudi anataka kinyume, gumu zaidi, la sivyo kiuno kinadidimia na mgongo unapinda kama upinde. Sponji moja haiwezi kuwaridhisha wote wawili. Mwenye kukwambia inawezekana anakuuzia mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe la nailoni.

Basi siku moja hasira zikanipeleka kwenye mzani wa bafuni. Nikalikunja godoro, nikalifunga kamba, nikalibeba kifuani, mke wangu akachuchumaa kusoma namba maana mimi sikuona hata miguu yangu. Pamoja nalo 89.5. Bila yake 78. Godoro, kilo 11.5.

Sasa fuatanisha na mimi, hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Urefu mita 1.9, upana mita 1.5, unene mita 0.2. Zidisha, unapata mita za ujazo 0.57. Densiti ni kilo gawanya kwa ujazo, yaani 11.5 kwa 0.57, unapata kama 20. Ukurasa wao uliandika densiti ni 30. Godoro la ukubwa huo lenye sponji ya 30 lilitakiwa lipime kilo 17 na ushee. Na hapo nimewahurumia, kwa sababu nimepima na kitambaa chake na zipu yake. Kilo tano na nusu za sponji yangu ziko wapi?

Tuelewane, densiti siyo ugumu. Hili linawachanganya wengi na wauzaji wanalijua. Densiti ni kiasi cha sponji halisi kilichomo dhidi ya hewa, na ndiyo inayoamua godoro litadumu au litabonyea mapema. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu kabisa mkononi, ukaibonyeza ukaridhika, na baada ya miezi michache imekata tamaa. Ugumu nao una namba yake. Viwandani wanashusha bamba juu ya sponji mpaka ibonyee asilimia 40 ya unene wake, wanasubiri sekunde 30, wanasoma nguvu iliyotumika kwa nyutoni. Kwa hiyo kipimo kipo na kinajulikana, lakini kikifika kwa muuzaji kinageuka "wastani", "starehe", "kama wingu". Wingu lina nyutoni ngapi?

Neno "othopediki" ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ndilo lililonivuta. Nilidhani kuna daktari mahali fulani aliyeligonga muhuri. Hakuna. Mtu yeyote mwenye sponji na printa anaweza kuliandika. Na mara nyingi wanaliweka kwenye magodoro magumu kama ubao, wakijua sisi tumekua tukiambiwa mgongo ukiuma lala pagumu. Watafiti wa Hispania walilipima jambo hilo na kulichapisha mwaka 2003 kwenye jarida la The Lancet: watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, nusu wakapewa godoro gumu, nusu la ugumu wa wastani. Baada ya siku 90 waliokuwa kwenye la wastani walikuwa na nafuu zaidi. Ila angalieni kituko. Kipimo walichotumia kinaanzia 1, gumu kabisa, hadi 10, laini kabisa, na magodoro yao yalikuwa 2.3 na 5.6. Wauzaji wengi mtandaoni wanahesabu kinyume, 10 ndiyo jiwe. Ukisoma "7 kati ya 10" bila kuuliza kipimo kinaanzia wapi, umebahatisha.

Memori fomu, ile sponji inayojifinyanga kufuata mwili, nayo nisiiache. Wanaandika "teknolojia ya anga za juu". Ni kweli NASA ilihusika, miaka ya 1960, lakini kazi yenyewe ilikuwa mito ya viti vya ndege. Siyo kosa. Kosa ni kutokukuambia kwamba hiyo sponji inalainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi, hivyo godoro la chumba chenye joto na la chumba cha baridi siyo godoro moja hata kama yametoka sanduku moja. Kosa lingine ni kuita "godoro la memori fomu" kitu ambacho memori fomu yake ni sentimita mbili juu na kilichobaki ni sponji ya kawaida. Ulizeni unene wa kila tabaka. Mtaona watu wanavyobadilisha mada.

Turudi kwa muuzaji wangu, jina lake nalihifadhi. Nikamwandikia nikiambatanisha picha ya ubao na picha ya mzani. Jibu: "Mteja wetu mpendwa, bidhaa ikishaondolewa nailoni hairudishwi kwa sababu za usafi." Nikamuuliza, sasa ningelijaribuje? Nililalie limeviringishwa ndani ya sanduku? Hakujibu hilo. Akaja na chaga za kitanda, kwamba huenda zimeachana sana. Hoja ya chaga ni ya kweli, zikiachana sana sponji inashukia katikati, sikatai. Nikaliweka godoro sakafuni, sakafu haina mianya, nikapitisha ubao tena. Shimo lile lile. Nikamtumia picha. Kimya cha siku nne.

Kisha akanielekeza kwenye waranti. Miaka kumi! Nikaisoma yote kwa mara ya kwanza, kosa langu, nakiri. Kuna kifungu kinasema kubonyea kunahesabika kama kasoro kukizidi sentimita 4, kukipimwa bila mtu juu ya godoro. Langu ni sentimita 3 likiwa tupu. Nikililalia nashuka zaidi ya hapo, lakini mimi sihesabiki. Yaani waranti ya kitu cha kulalia haitambui mtu aliyelala.

Halafu hiki kisingizio cha usafi. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mnunuzi wa Ujerumani aliyeagiza godoro mtandaoni, akatoa nailoni, akataka kulirudisha. Muuzaji akaleta hoja hii hii. Mahakama ikasema godoro ni kama nguo: nguo nayo inagusa mwili ikijaribiwa na bado inarudishwa, na godoro linaweza kusafishwa likauzwa tena. Haki ya mnunuzi ya kulirudisha ndani ya siku 14 haikufa kwa kukata nailoni. Najua uamuzi huo haumfungi muuzaji aliye nje ya Umoja huo. Lakini hoja ya usafi imeshapimwa mahakamani ikaonekana nyepesi, nyepesi kama sponji yangu.

Haya, wa "ungeenda dukani". Nimeshawahi kwenda dukani. Unakaa ukingoni, viatu mguuni, muuzaji amekusimamia kichwani, unabonyeza kwa kiganja mara mbili, unasema "zuri". Dakika mbili hizo zinakuambia nini kuhusu saa saba za usiku? Angalau ulale dakika kumi, kwa mlalo wako wa kila siku, upitishe kiganja chini ya kiuno ukiwa chali. Kikipita kirahisi na nafasi ikabaki, ni gumu kwako. Kisipopita kabisa, umezama. Wangapi tumefanya hivyo mbele ya watu? Na hata ukifanya, densiti huisikii kwa mgongo siku ya kwanza.

NYONGEZA, baada ya kuona maswali yenu:

Anayeuliza kama njia ya kilo inafaa kwa magodoro ya springi: haifai, chuma kinaharibu hesabu. Kwa springi ulizeni kama ni za mfuko, kila moja kwenye kijaluba chake, au zimefungamanishwa. Zilizofungamanishwa, mwenzako akigeuka na wewe unageuka. Ulizeni pia unene wa waya, na mkumbuke kwamba kwa vipimo vya geji namba kubwa ndiyo waya mwembamba. Mimi siyo fundi wa springi, naishia hapo.

Anayesema nimelalamika sana kwa kitu kidogo: karibu tubadilishane vitanda usiku mmoja.

Na anayeuliza nitafanya nini sasa. Nimeshawaandikia wauzaji wengine watatu swali moja tu: godoro lenu, bila sanduku wala nailoni, lina kilo ngapi? Wa kwanza amenijibu kwa alama ya dole gumba. Wa pili ameniambia "ni zito sana bosi, usijali". Wa tatu amenitumia kilo, vipimo, na unene wa kila tabaka. Nimepiga hesabu mara mbili, inakubaliana na densiti aliyoandika. Nikamuuliza la mwisho: nikilifungua nikalala wiki mbili nikaona halinifai, unalipokea? Ujumbe ameusoma tangu asubuhi.