Mrejesho: Tumerudi Moshi, meli ya kitalii tumeipanda

Habari zenu wapendwa. Niliuliza mimi na mdogo wangu, miaka 24 na 21, tuvae nini kwenye meli ya kitalii ya siku 7 kutoka Barcelona, maana hatukuwahi kupanda. Tumerudi salama, asanteni sana.

Aliyesema tusinunue nguo za gharama alisema kweli. Usiku wa mavazi rasmi nilivaa suti ya mtumba ya soko la Memorial, mdogo wangu gauni la kitenge alilomshonea fundi wetu wa Pasua. Bibi mmoja wa Kitaliano alimsimamisha kumsifia, nikajisikia fahari hadi machozi yakanilenga. Siku nyingine ni jinzi na shati safi tu. Ila sweta bebeni! Kiyoyozi cha ukumbini kilitutetemesha kuliko asubuhi ya Julai kule Marangu.

Mabegi makubwa huletwa chumbani baadaye, hivyo dawa, pasipoti na nguo za kuogelea ziwe mkononi. Mafunzo ya usalama ni lazima kwa kila abiria. Na Roma haiko bandarini: meli ilitia nanga bandari ya Civitavecchia, tukapanda treni hadi Roma.

Bakshishi ilikatwa kila siku kwenye bili yetu bila sisi kujua. Hilo lilituuma, ulizeni mapema.