Re: Wito wa juri: sheria hutolewa kwa maandishi?

Drani, Leicester:
Wakubwa, shikamooni. Nimeitwa juri, lile jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani, wiki ileile ya alama za vidole za ILR (ruhusa ya kuishi Uingereza bila kikomo), na ofisi ya juri imekataa kuahirisha. Nipinge kwa njia gani? Tena, jaji hutoa sheria kwa karatasi ama husoma tu?

Asha, London:
Drani, karatasi hutolewa. Jaji huipitia kwanza na mawakili, kisha mnaingia nayo chumba mnamojadiliana. Ina maswali ya kufuata kwa mpangilio. Chukua kesi ya kupiga mtu, mshtakiwa anasema alijitetea. Swali la kwanza: tuna hakika hakuamini kwamba alihitaji kujitetea? Ndiyo: ana hatia, mmemaliza. La: nendeni la pili: tuna hakika nguvu aliyotumia ilizidi kiasi? Ndiyo, hatia, la, huru. Wanaotegemea masikio tu huugeuza mzigo wa kuthibitisha, wakamdai mshtakiwa athibitishe alijitetea, na kumbe kazi hiyo ni ya upande wa mashtaka! Mkikwama, andikeni swali mumpe mhudumu wa mahakama. Jaji atalijibu mawakili wakisikia. Usitafute chochote kuhusu kesi kwenye intaneti; kifungo hufika miaka 2.

Okello, Kampala:
Dada Asha, usiseme kana kwamba ni kila kesi. Soma hukumu ya rufaa ya huko Uingereza, Atta-Dankwa ya 2018: kesi nyepesi kabisa inaweza kwenda bila maandishi. Kwetu Uganda, High Court, sheria ya TIA (Trial on Indictments Act) inamtaka jaji awafafanulie maasesa, yaani raia wanaokaa naye kusikiliza kesi, sheria na ushahidi, kisha kila mmoja atoe maoni kwa mdomo. Karatasi hailazimishwi, na watu wanaamua vizuri.

Mzee Juma, Arua:
Okello mwanangu, asesa haamui, anashauri. Jaji hafungwi na maoni yake, ila akikataa maoni ya maasesa walio wengi lazima aandike sababu. Sasa maoni ya mtu aliyeisikia sheria nusunusu, tena kupitia mkalimani, yatamfaa jaji nini? Wapeni karatasi.

Asha, London:
Kweli kabisa, Mzee. Na iwe ya Kiswahili, maana ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005. Maembe ya Arua yameiva? Huku tunauziwa mawe.

Okello, Kampala:
Dada, Katiba inasema Kiswahili kitatumika kadiri Bunge litakavyoweka kwa sheria. Wabaneni wabunge kwanza.

Mzee Juma, Arua:
Yameiva, binti yangu. Na wabunge tutawabana.